Sauti Nilizotafsiri Kituoni

Sisi Waswahili tulioko Doha tuna namna yetu ya kuongea kwenye simu. Mazungumzo yakikaribia jambo zito, mtu husita, halafu husema, "Hilo tutaongea tukionana." Mwanzoni nilidhani ni adabu. Baadaye nikajua ni hofu. Kwenye magrupu yetu kulikuwa na habari za mtu aliyeitwa na polisi kwa sababu ya video aliyoisambaza, na za mwingine aliyerudishwa kwao kwa neno alilolitamka akiongea na mkewe. Hakuna aliyewahi kunionyesha hata mmoja kati ya watu hao. Lakini tuliamini, na mimi niliamini, kiasi kwamba hata nikimpigia mama yangu Unguja nilikuwa nayachambua maneno kabla ya kuyatoa.

Kazi yangu ni mapokezi katika kliniki ya meno huko Abu Hamour. Kiarabu nilianza kukisoma chuoni nyumbani, nikakipata hasa kwenye ile kaunta, kwa kubishana na wagonjwa waliochelewa miadi yao. Watu wetu walinijua kwa hilo. Mtu akipewa dawa asiyoielewa, au akiwa na mwajiri asiyemwelewa, alikuja kwangu.

Ndivyo nilivyomjua yule msichana wa Tanga. Alikuwa akifanya kazi za ndani katika nyumba iliyo nyuma ya kliniki. Siku hiyo alimleta mtoto wa bosi wake kung'olewa jino, akanisikia naongea Kiswahili kwenye simu, akacheka kwa furaha mpaka mtoto akasahau kulia. Tangu hapo, kila alipopewa Ijumaa ya mapumziko aliimalizia chumbani kwangu. Alikuwa msemaji. Hakuweza kukaanga kitunguu bila kusimulia kitu. Mimi nilimwita mdogo wangu, yeye akaniita dada, na nilidhani hakuna jambo lake nisilolijua.

Mkataba wake ulipokaribia kwisha, alianza kusikiliza sauti za wakala mmoja zilizokuwa zikizunguka kwenye magrupu. Mtu wa kwetu huyo, Mswahili mwenye maneno matamu: kazi ya hoteli, chumba cha watu wawili, mapumziko kila wiki. Nilimwambia asubiri kwanza, tumuulizie.

"Dada," akasema, "wewe umekaa kwenye kiyoyozi unajibu simu. Mimi nimechoka kulala stoo."

Ijumaa iliyofuata hakuja. Wala ile ya baada yake. Simu yake ilikuwa haipatikani. Nikajiambia hoteli inambana, mtu mgeni kazini hana nafasi. Nilijiambia hivyo mara nyingi kuliko nilivyoamini.

Alasiri moja ya joto, vumbi limetanda hata jengo la ng'ambo halionekani vizuri, aliingia kliniki dereva mmoja Mkenya ninayemfahamu. Anaendesha basi la shule, na njia yake inapita hapo. Ni mtu wa Nakuru, mkubwa wa umbo na mpole, mwenye mke na watoto kwao, ambao picha zao alikuwa akituonyesha hata bila kuombwa. Alisimama mbele ya kaunta akiishika simu yake kwa mikono miwili.

"Sister, niko na shida. Si ya meno."

Nikamwambia aseme.

"Ni huyo rafiki yako wa Tanga. Amekuwa akinitumia voisi. Sasa zimekatika."

"Kwa nini akutumie wewe na siyo mimi?"

Aliangalia chini. "Alisema ulimwonya. Aliona aibu."

Ilikuwa kweli kwa upande mmoja, nikaipokea. Akanieleza. Ile kazi haikuwa ya hoteli. Wakala aliwachukua kwa gari, yeye na wasichana wengine, akawafungia mahali penye ukuta mrefu, akisubiri kuwapeleka kwa watu mmoja mmoja. Simu zao alizishika yeye. Akiwapa, anawapa kidogo tu, na akizichukua anazipekua aone wameongea na nani. Kwa hiyo msichana alikuwa anarekodi sauti, anaituma, halafu anaifuta upande wake.

"Nimemwuliza yuko wapi, hata yeye hajui," dereva akasema. "Ya mwisho alikuwa mgonjwa. Anaongea kama mtu amelewa. Sasa hajibu."

"Basi twende polisi."

"Ndio maana nimekujia. Kiarabu yangu ni ya barabarani tu." Akaongeza kwa sauti ya chini, ingawa tulikuwa wawili tu pale, "Lakini unajua ukishawapea simu umewapea kila kitu. Nilikuwa nifute zingine, nibakishe hizi za mwisho. Halafu nikaogopa. Sijui ni gani inaweza kusaidia."

"Umefuta?"

"Sijafuta hata moja."

Nilimwomba daktari ruhusa, tukaondoka. Njiani nilikuwa nawaza kesi ya kutoroka, maana mfanyakazi akiondoka kwa bosi wake bila taratibu anaweza kuandikiwa hivyo, na nilijiuliza kama tunakwenda kumwokoa au kumshtaki.

Afisa aliyetupokea alikuwa mtu mzima, mwenye macho ya kuchoka, ambaye kabla ya yote alitupa maji. Mtafsiri wao wa Kiswahili alikuwa safarini. Aliuliza kama nitakubali kutafsiri, nikakubali. Dereva akaambiwa angoje kwenye korido, kwa sababu afisa hakutaka aliyeleta habari akae hapo akizisahihisha. Wakati huo walishaiulizia namba ya msichana kwa kampuni ya simu. Jibu lililokuja lilisema simu ilionekana mara ya mwisho pande za Umm Salal.

"Umm Salal ni kubwa," afisa akaniambia. "Kuna nyumba, kuna mashamba, kuna maghala. Siwezi kugonga kila geti." Kisha akatabasamu kidogo. "Nyinyi watu mnadhani sisi tunasikia kila kitu. Tungekuwa tunasikia kila kitu, ukhti, ningekuhitaji wewe?"

Sikujua kama natakiwa kucheka.

Akaibonyeza sauti ya kwanza, ya siku ile alipoondoka. Niliitambua sauti yake kabla sijayaelewa maneno. Ilikuwa ile ile iliyokuwa ikinisimulia mambo huku kitunguu kinaungua, ila sasa ilikuwa imeshuka, nyororo, na ilikuwa inamwita yule dereva "mpenzi wangu." Picha za watoto wa Nakuru zilinijia machoni zote kwa pamoja. Afisa alikuwa ananitazama, kalamu iko tayari.

"Anasema, ndugu yangu, nimeshaondoka," nikatafsiri.

Hakuuliza kitu. Akabonyeza ya pili, na ya tatu. Katika sauti hizo alilalamikia chakula, akawataja wasichana wenzake, akamkumbusha dereva mambo ambayo wawili tu walitakiwa kuyakumbuka. Nilikuwa natafsiri chakula na wasichana, na hayo mengine nayapitia juu juu. Nilikuwa kama mtu anayefunika mwili wa mwenzake kwa kanga fupi: nikivuta huku, kule kunaachwa wazi. Maana kila nilichokificha kilikuwa kimeshikana na kitu alichokihitaji afisa. Alimtaja wakala katikati ya maneno ya mapenzi. Alielezea ukuta katikati ya machozi.

Tukafika kwenye ile ya mwisho. Alikuwa anahema.

"Nisikilize haraka, anakuja kuchukua simu. Nina homa, tumbo linakata, sisimami. Na siku zangu hazijaja, mwezi wa pili huu. Ikiwa ndiyo hivyo utanifanyaje? Utaniacha? Usimwambie dada, tafadhali." Hapo kikasikika kilio kikali nje, kama mtoto aliyefinywa, naye akajaribu kucheka, akaishia kukohoa. "Umemsikia? Ndiyo huyo tausi. Yuko nyuma ya ukuta, hatulali kwa kelele zake."

Sijafungua mdomo, afisa alishainua kichwa.

"Tawus?" akasema. "Amesema tawus?"

Neno letu na lao ni moja. Nikasema ndiyo, tausi, yuko nyuma ya ukuta. Akaita mwenzake kutoka chumba cha pili, wakazungumza haraka haraka juu ya nani anafuga tausi kule, na yule mwenzake akatoka akiwa tayari na simu sikioni. Nilidhani tumemaliza. Afisa akanigeukia.

"Kabla ya tausi amesema nini?"

"Amesema anaumwa."

"Anaumwa nini?"

Katika nchi hii, kama ilivyo nchi nyingi, mwanamke asiye na mume akisema alichokisema yule msichana, si habari tu. Inaweza kuwa kesi. Mimi niliijua sheria hiyo na kila mtu wetu anaijua. Nilifikiri kumwambia ni malaria. Neno lilikuwa mdomoni kabisa.

Nadhani aliona. Akaiweka kalamu mezani. "Sikiliza. Mimi natafuta mtu, sitafuti dhambi. Nikimpata, nataka kujua nimpeleke na gari gani na kwa daktari gani. Ukinificha, akafa njiani, wewe na mimi tutaishi nalo."

"Na nikikwambia," nikasema, "litabaki humu ndani?"

Hakukimbilia kujibu, na mpaka leo namheshimu kwa hilo. "Mimi ni mtu mmoja," akasema. "Faili si langu peke yangu."

Nikamwambia. Nilimwambia kuhusu tumbo, kuhusu miezi, na kuhusu mtu aliyekuwa akiulizwa kama atamwacha. Nililitoa na lile neno mpenzi, nikalirudisha mahali pake. Aliichukua tena kalamu, akaandika kitu. Mkono wake ulikuwa umekikinga nilichotaka kukiona.

Kwenye korido, dereva alisimama aliponiona.

"Umesikia," akasema.

"Nimesikia."

"Na umewaambia."

"Nimewaambia."

Aliegemea ukuta kama mtu aliyeambiwa akae na hakuna kiti. "Nilijua utasikia. Nilikuwa namfikiria bibi yangu, mama watoto, sitakudanganya. Nimekaa na hiyo simu tangu juzi nikimfikiria tu. Halafu nikajiuliza, huyu msichana akifa huko, nitarudi kwa huyo bibi niwe mtu gani?" Akanitazama. "Aliandika?"

"Aliandika kitu."

"Nini?"

"Sikuona."

Walimpata jioni ile ile, katika vyumba vya wafanyakazi kwenye shamba moja ambavyo wakala alikuwa amevikodi. Wasichana wenzake walikuwa naye. Wakala mwenyewe hakuwepo, na hakurudi. Afisa alinipigia mwenyewe kunijulisha, akasema yuko hospitali, anaongea. Nilikaa kitandani na simu mkononi, nikitaka kumpigia mama nimsimulie, nikashindwa. Si kwa sababu niliogopa kusikilizwa. Niliogopa kwa sababu sasa nilijua jinsi inavyokuwa kwa anayesikiliza: maji mezani, kalamu, mtu mwema kabisa anayebonyeza na kusubiri.

Nilipokwenda kumwona alikuwa amelala upande, ametundikiwa dripu. Alikuwa amepungua, mifupa ya mabega imetokeza. Nesi alishaniambia mlangoni, akidhani mimi ni ndugu, kwamba hakuna mimba. Zilikuwa homa, upungufu wa damu, na uchafu wa maji waliyokuwa wakinywa. Kwa hiyo lile nililolitoa mdomoni kwa uchungu halikuwa hata kweli. Lakini lilikuwa limeandikwa, au halikuandikwa. Sikujua.

Nilimpa uji niliouleta. Akanywa kidogo, akauweka pembeni.

"Ni wewe uliyewatafsiria?"

"Ndiyo."

"Zote?"

"Zote."

Akageuza uso kuelekea dirishani. Nilimngoja. Yeye aliyekuwa hanyamazi, alinyamaza mpaka nikaanza kusikia mashine ya mgonjwa wa pili.

"Ungewaambia ile ya tausi tu," akasema.

"Ilikuwa humo humo, mdogo wangu."

"Najua." Alijifuta macho kwa shuka. "Najua ilikuwa humo. Sikutaka kufia pale, dada. Nilikuwa namwomba Mungu mtu yeyote anisikie, hata mwizi. Lakini na hili sikulitaka. Nikifumba macho nakuona wewe na hao wanaume mmekaa mnanisikiliza."

"Alikuwa mmoja."

"Haya. Mmoja."

Nilitaka kumwambia kwamba dereva angeweza kufuta akabakisha kidogo, na hakufuta kwa sababu alimpenda au kwa sababu aliogopa, sijui. Sikumwambia. Nilimwuliza kama ana ujumbe kwake.

"Mwambie nashukuru," akasema. "Na asinitafute kwa simu."

Hakuandikiwa kesi ya kutoroka, wala nyingine yoyote niliyoisikia. Alikaa kwenye nyumba ya hifadhi mpaka taratibu zikakamilika, akarudi Tanga. Siku ya safari alinipigia kutoka uwanja wa ndege na hatukusema chochote cha maana. Tulisemezana habari za begi, kama limezidi uzito. Mwishoni akacheka, na nilipokusikia kule kucheka kwake kwa zamani nikaangua kilio katikati ya kliniki, mgonjwa akadhani naumwa jino.

Dereva ndiye aliyebaki na wasiwasi wote. Simu yake alirudishiwa, lakini hakuirudia. Aliizima, akanunua nyingine, hata namba akabadilisha. Kila alipopita kliniki alisimama dirishani na kuniuliza kwa macho, nami natikisa kichwa: hapana, polisi hawajapiga. Akakonda. Siku moja alinieleza kwamba amemwambia mkewe mwenyewe, kwa mdomo wake, kabla mtu mwingine hajamwambia.

"Akasema nini?"

"Akakata simu. Siku nyingi hakushika. Sasa anashika, ananiambia za watoto tu." Alipangusa kioo cha dirisha kwa kiganja, ingawa kilikuwa safi. "Sijui kama ningemwambia, sister, kama si hiyo faili. Ndio inaniuma. Sijui kama mimi ni mkweli ama ni mwoga."

Mwaka haukwisha, yule afisa akanipigia tena. Mtafsiri wao alikuwepo, akasema, lakini ni mtu wa Kampala na kuna maneno ya pwani yanayomshinda. Ni yule wakala. Wamepata mazungumzo yake.

"Ameyatoa nani?" nikauliza.

"Safari hii hakuna aliyeyatoa. Tunasikiliza kwa idhini ya mwendesha mashtaka. Yeye hajui."

Nilimwambia nitamjibu kesho. Nilitembea toka kazini mpaka kwangu badala ya kupanda basi, jasho likinitoka, nikibishana peke yangu. Yule mtu alikuwa na wasichana wengine mahali fulani, wenye homa pengine, wenye vitunguu vyao vya kusimulia. Na pia alikuwa mtu anayeongea kwenye simu akidhani yuko na mwenziwe tu. Sikuweza kulifanya jambo moja limeze la pili. Asubuhi nikapiga, nikasema nitakuja.

Chumba kilikuwa kile kile. Sauti yake niliijua, ile tamu ya kwenye magrupu. Tulisikiliza akipanga magari, akitaja mahali, akimtukana mtu wa maji. Nilitafsiri bila kusita, hata matusi. Halafu ikaja simu nyingine, na sauti ikabadilika kabisa, ikawa ya mtoto.

"Shikamoo mama. Mguu umelalaje?"

Afisa akanitazama. "Nani huyo?"

"Mama yake. Anamuuliza hali ya mguu."

"Kuna la kazi humo?"

"Bado sijasikia."

Alifikiri kidogo. "Basi wewe sikiliza peke yako. Likitokea la kazi niambie. Lisipotokea, liache." Akanisogezea vipokea sauti, akainuka kwenda kujaza chupa ya maji.

Nilivivaa. Sikuwa nimewahi kupewa mamlaka makubwa hivyo, na sikuyataka. Mama yule alisema mguu umevimba tena, kwamba jirani amemkandia kwa maji ya chumvi, kwamba mwanawe ale vizuri huko aliko, asikubali kudhulumiwa. Mwana akaitikia kila kitu. Akasema anakula. Akasema kazi ya hoteli ni nzuri, mama, usiwe na shaka. Nilisikiliza mpaka wakaagana, kwa sababu huenda angetaja mahali, na kwa sababu kama ningevivua mapema nisingejua nimeacha nini.

Afisa aliporudi na maji aliniuliza.

"Hakuna," nikasema. "Ni mambo ya mama na mwanawe."

Akaitikia kwa kichwa, akabonyeza inayofuata.